Hoja potofu katika mabishano ya kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hoja potofu ni nini? Ni sawa na uongo?

Hapana. Uongo ni kauli isiyo ya kweli. Hoja potofu ni sababu isiyobeba jambo inalodai kulibeba. Mtu anaweza kusema mambo ya kweli matupu na hoja yake bado ikawa mbovu: "Daktari yule mwenyewe anavuta, kwa hiyo habari zake za madhara ya sigara tuziache." Ni kweli anavuta. Lakini mapafu ya anayesikiliza hayaulizi nani katoa ushauri.

Yako makosa ya umbo, ambayo unayakamata hata kama huijui mada. "Kila daktari amesoma, fulani amesoma, basi fulani ni daktari." Hapo huhitaji kujua chochote kuhusu udaktari. Ukurasa huu haushughuliki na hayo. Unashughulika na yale yanayotusumbua mezani, kazini, vikaoni na kwenye makundi ya WhatsApp, ambapo umbo la hoja linaonekana zuri tu na kasoro imejificha ndani ya maudhui.

Njia nitakayoitumia ni moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: kila hoja potofu inakwepa swali fulani. Ukilipata swali lililokwepwa, umemaliza kazi. Jina la kosa ni la ziada.

Ziko ngapi, na nani alianza kuziorodhesha?

Hakuna idadi inayokubaliwa. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja 13: sita zinazotokana na matumizi ya lugha na saba zinazotoka kwingine. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, mwishoni mwa karne ya 17 alieleza mbinu ambazo watu huzitumia kumnyamazisha mwenzao badala ya kumshawishi, mojawapo ikiwa kumtisha kwa majina ya wakubwa mpaka aone aibu kupinga. Tangu hapo orodha zimeongezeka, na siku hizi utakutana na zenye majina zaidi ya mia.

Mwaka 1970 mwanafalsafa wa Australia, Charles Hamblin, aliwakosoa vikali waandishi wa vitabu vya mantiki: wengi walikuwa wanarithishana orodha ileile na mifano ileile bila kueleza kwa nini kila kosa ni kosa. Nakubaliana naye. Kukariri majina arobaini hakumfanyi mtu kuwa makini. Mara nyingi kunamfanya awe msumbufu.

Kumshambulia mtu badala ya hoja yake: ni kosa kila wakati?

Si kila wakati, na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza.

Inategemea mzungumzaji ametuomba nini. Akituomba tuangalie sababu zake, basi sababu zinasimama zenyewe. Awe mlevi, awe mpinzani wako wa kisiasa, awe mtu aliyekukopa akaingia mitini, haijalishi. Hesabu ikiwa sahihi ni sahihi. Lakini akituomba tumwamini kwa neno lake, mwenendo wake unakuwa sehemu ya ushahidi. Shahidi mahakamani anayesema "niliona kwa macho yangu" anaweza kuulizwa kama aliwahi kusema uongo chini ya kiapo, na hilo si tusi. Vivyo hivyo, mtu anayekusifia bidhaa wakati yeye analipwa kamisheni kwa kila inayouzwa: kutaja kamisheni yake ni haki yako. Ila kamisheni haithibitishi kwamba bidhaa ni mbovu. Inakuambia tu kwamba sifa zake peke yake hazitoshi, utafute kingine.

Swali linalokwepwa ni hili: tukiliondoa jina la msemaji, hoja inabaki na nini?

Na ile ya "mbona wewe pia unafanya"?

Hiyo ni ndugu wa karibu. Nyani haoni kundule, tunasema, na ni kweli unafiki unaudhi. Lakini kumwonyesha mtu kundule hakusafishi lako. Wakati wa Vita Baridi, Umoja wa Kisovyeti ulipokosolewa kwa kukandamiza watu wake, jibu lililozoeleka lilikuwa kuikumbusha Marekani jinsi watu weusi walivyokuwa wakiuawa kwa kunyongwa na makundi ya raia. Shutuma hiyo ilikuwa ya kweli na nzito. Haikumtoa gerezani mfungwa hata mmoja wa Kisovyeti.

Kuna mahali pamoja ambapo "na wewe pia" ina uzito: pale mtu anapodai kanuni ambayo yeye mwenyewe ameshindwa kuifuata kwa sababu haifuatiki. Mzazi anayempangia kijana ratiba ambayo hata yeye haiwezi, kijana ana haki ya kuuliza kama ratiba yenyewe inawezekana. Hapo hazungumzii tena unafiki wa mzazi, anazungumzia ratiba.

Nikimtaja mtaalamu, nimefanya kosa?

Hapana, na anayekuambia hivyo hajaielewa mada. Karibu kila tunachokijua tumekipokea kwa watu waliokichunguza kuliko sisi. Hakuna anayeanza kupima mwenyewe kama dawa ya shinikizo la damu inafanya kazi. Kosa linaanza pale mtaalamu anapozungumza nje ya eneo lake, au peke yake dhidi ya wenzake wote wa fani, au jina lake linapotumika kufunga mjadala ambao ushahidi haujaufunga.

Linus Pauling ni mfano ambao sichoki kuutoa. Alipata Nobel ya kemia mwaka 1954 na ya amani kwa mwaka 1962. Huwezi kumwita mtu wa mchezo. Mwaka 1970 alianza kuuambia umma kwamba vitamini C kwa dozi kubwa huzuia mafua. Majaribio mengi yaliyofuata yakaonyesha kwamba kwa watu wengi haizuii kuugua. Wanaoitumia kila siku hupona mapema kidogo tu kuliko wengine. Nobel mbili hazikuigeuza dhana kuwa ushahidi.

Sasa kuna upande wa pili, unaopendwa sana na wauza tiba za mitandaoni: "Hata wagunduzi wakubwa walichekwa." Ni kweli, baadhi walichekwa. Madaktari wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waliposema kwamba vidonda vya tumbo vinahusiana na bakteria, madaktari wengi hawakuwasadiki, kwa kuwa walishaamini ni asidi na msongo wa mawazo. Mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe, tumbo likavimba kwa ndani, na vipimo vikaonyesha. Mwaka 2005 wakapewa Nobel. Lakini angalia walishinda kwa nini: kwa vipimo ambavyo wengine waliweza kuvirudia. Kuchekwa hakukuwasaidia chochote. Wapo maelfu waliochekwa kwa sababu walikuwa wanachekesha.

Unaweza kuonyesha hoja potofu kadhaa ndani ya mazungumzo mamoja?

Chukua kikao cha wazazi cha kubuni. Mama mmoja anasimama:

"Mwenyekiti, napendekeza simu za wanafunzi zikusanywe asubuhi, zirudishwe wanapoondoka."

Baba mmoja: "Kwa hiyo mama anataka watoto wetu wakae gizani wakati dunia nzima inakwenda kidijitali?"

Mwingine: "Halafu mama, samahani, si kijana wako ndiye alikutwa na simu mbili?"

Wa tatu: "Mimi naona mbali. Leo simu, kesho kompyuta, keshokutwa tutaambiwa hata vitabu vina hatari."

Wa nne, kwa sauti ya kumaliza mambo: "Tuulizane tu. Tunawaamini watoto wetu au hatuwaamini?"

Kutoka nyuma, mama mmoja asiyependa kusema sana: "Na likitokea la dharura, nitampataje mwanangu?"

Makofi yamekwenda kwa yule wa nne. Hebu turudi nyuma tuone kilichotokea.

Wa kwanza hakujibu pendekezo lililotolewa. Alilitengeneza jingine lililo rahisi kulipiga, kwamba watoto wakae gizani, kisha akalipiga hilo. Pendekezo lilikuwa la saa za masomo. Yeye amelifanya la maisha yote. Wa pili alihamia kwa mtoaji. Na tazama: habari ya kijana mwenye simu mbili, ikiwa ni ya kweli, inaweza kuwa ndiyo iliyompa mama huyo uzoefu wa tatizo. Wa tatu alijenga mteremko bila kuonyesha ni nini kitakachotuteremsha kutoka hatua moja hadi nyingine. Wa nne alitupa njia mbili tu wakati ziko nyingi: unaweza kumwamini mtoto na bado usimwachie kitu kinachomvuta macho katikati ya somo la hesabu, kama ambavyo watu wazima wengi huzima simu zao wanapotaka kufanya kazi ya maana.

Aliyeuliza swali la kweli ni yule wa nyuma. Dharura ni pingamizi halisi. Linajibika: namba ya ofisi, mwalimu wa zamu, utaratibu fulani. Likijibiwa vizuri pendekezo linakuwa na nguvu. Likikosa jibu linadhoofika. Hivyo ndivyo mjadala unavyopaswa kusogea. Na mara nyingi katika vikao, mtu mwenye swali la namna hiyo ndiye anayemezwa na makofi ya wengine.

Nitajuaje kwamba mtu ameipotosha hoja yangu na si kwamba sikuieleza vizuri?

Mwombe aiseme upya kwa maneno yake. Ukisikia "kila", "kamwe", "wote" au "kabisa" ambazo hukuzitamka, kuna jambo limeongezwa. Mara nyingine ni chumvi ya makusudi, mara nyingine ni masikio tu. Usikimbilie kumhukumu.

"Alikunywa, akapona." Kwa nini hilo si ushahidi?

Kwa sababu hatujaambiwa nini kingetokea kama asingekunywa. Mafua huisha yenyewe ndani ya siku saba hadi kumi kwa watu wengi. Mtu hutafuta dawa siku anayojisikia vibaya kuliko zote, na baada ya siku mbaya kuliko zote, siku inayofuata ina nafasi kubwa ya kuwa afadhali. Chochote alichokunywa siku hiyo kitapata sifa.

Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia jinsi alivyokutana na jambo hili alipokuwa akifundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israel. Mkufunzi mmoja alimpinga: yeye akimsifu mwanafunzi kwa kuruka vizuri, safari inayofuata huharibu, akimfokea kwa kuruka vibaya, inayofuata hufanya vizuri. Kwa hiyo, kufoka kunafundisha na sifa zinaharibu. Alichokiona kilikuwa sahihi. Maelezo yake ndiyo yaliyokuwa na kasoro. Mwanafunzi aliyeruka vizuri kupita kawaida yake alisaidiwa na bahati kidogo, na bahati haikai. Atarudi kwenye kiwango chake hata usiposema neno. Aliyeharibu kupita kawaida naye atarudi, ufoke usifoke.

Fikiria ni walimu, makocha na mameneja wangapi wamefundishwa ukali na mkondo huu wa kawaida wa mambo kurudi wastani. Kwangu mimi hili ni kosa la hatari kuliko yote yaliyo kwenye ukurasa huu, kwa sababu aliyenalo ana uzoefu wa miaka unaomuunga mkono, na uzoefu huo hakuuzua.

Swali linalokwepwa: wale ambao hawakunywa, hawakufokewa, hawakufanya jambo hilo, wao walikuwaje?

Nina mifano mingi ya jambo hilohilo. Wingi hautoshi?

Hutegemea mifano ilikufikiaje. Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilituma kadi takriban milioni 10 kuwauliza watu watamchagua nani kuwa rais. Majibu zaidi ya milioni 2 yakarudi, na jarida likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo yote isipokuwa Maine na Vermont. Kadi zilikuwa zimetumwa kwa kiasi kikubwa kwa majina yaliyotoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na hiyo ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, ambapo simu na gari havikuwa vya kila mtu. Juu ya hapo, waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na waliozitupa. George Gallup, mtafiti wa maoni ya watu, kwa sampuli ndogo mno ukilinganisha, alimtabiri mshindi.

Milioni mbili. Sasa mtu anakuambia, "Mimi nimefanya kazi na watu wa kabila hilo watatu, nawajua."

"Ukiruhusu hili, kesho watataka lile." Ni kosa?

Inaweza kuwa kosa, inaweza kuwa busara. Uliza hatua moja inaizaa nyingine kwa njia gani. Mtu akisema kwamba kukopa ili kulipa mkopo kutamwingiza mhusika kwenye shimo, anaweza kukuonyesha riba inavyojilimbikiza mwezi kwa mwezi. Huo ni mteremko wenye hesabu. Akisema kwamba wafanyakazi wakiruhusiwa kufika nusu saa baadaye siku ya Ijumaa, mwisho ofisi itafungwa, ana kazi ya kutuonyesha ngazi za katikati. Vilevile uliza kama kuna mahali pa kusimama. Sheria nyingi duniani zimewekewa mipaka na mipaka imeheshimiwa miaka nenda rudi.

"Thibitisha kwamba si kweli." Nimjibuje mtu anayesema hivyo?

Mwambie mzigo ni wake. Anayedai ndiye anayethibitisha. Mwaka 1952 mwanafalsafa wa Uingereza, Bertrand Russell, aliandika kwamba angeweza kudai kuna birika la chai linalolizunguka jua kati ya Dunia na Mirihi, dogo kiasi kwamba hakuna darubini inayoweza kuliona. Hakuna angeweza kumkanusha. Je, hilo linatosha tuamini?

Lakini kuwa mwangalifu na upande wa pili wa jambo hili. Kutopatikana kwa ushahidi kuna uzito pale ambapo ushahidi ungepatikana kama jambo lingekuwepo na watu wameutafuta ipasavyo. Umepekua chumba kidogo chenye mwanga, kabati na chini ya kitanda, tembo hukumwona: una haki ya kusema hakuna tembo. Umechungulia mlangoni ukakosa sindano: hujasema kitu.

Aina mbaya zaidi ni ile inayogeuza ukosefu wa ushahidi kuwa ushahidi. "Hakuna hati inayoonyesha kwamba walikutana, na hiyo ndiyo inayoonyesha jinsi walivyojificha." Hapo umefika mahali ambapo hati ikiwepo ni ushahidi na isipokuwepo ni ushahidi. Uliza tu: ni kitu gani, kama tungekiona, kingekufanya uache kuamini hivyo? Ukisubiri sana bila jibu, badilisha mada.

"Tumeshatumia fedha nyingi, hatuwezi kuacha sasa."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni methali nzuri kwa mtu anayesitasita kwa woga, na ni ushauri mbaya sana kwa mradi unaozama. Kilichotumika kimeshatumika, uendelee au uache. Kinachoamua ni kilicho mbele: kuanzia leo, kiasi kitakachoongezwa kitarudisha nini?

Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, imelipatia kosa hili moja ya majina yake. Uingereza na Ufaransa walitia saini mkataba wa kuiunda mwaka 1962, gharama zikapanda mara nyingi kupita makadirio, na bado wakaendelea. Ndege ikaanza kubeba abiria mwaka 1976 na ikastaafu mwaka 2003, huku zile zilizofanya safari za mashirika zikiwa 14 tu. Mfano huu hutolewa kwa haraka mno, hata hivyo. Serikali ya Uingereza ilitaka kujitoa mwaka 1964, na mkataba haukuwa na mlango wa kutokea. Kuvunja kungeweza kuwaletea kesi na fidia. Fidia ya kesho ni gharama ya mbele, si ya nyuma. Kuiogopa si upotofu. Kwa hiyo hata mradi uliolipatia kosa jina lake haukuwa upotofu mtupu.

Hoja ya kuzunguka ni ipi?

Ni ile ambayo sababu na hitimisho ni kitu kimoja kilichobadilishwa nguo. "Yeye ni mwaminifu kwa sababu hajawahi kudanganya, na najua hajawahi kudanganya kwa sababu amenihakikishia." Zikiwa sentensi mbili, unaicheka. Zikiwa kurasa ishirini, unaweza kuisoma yote huku ukitikisa kichwa kukubali.

Methali ni ushahidi?

Hili linatuhusu sisi hasa, maana methali ndiyo njia yetu ya haraka ya kumaliza ubishi. Mtu akitamka methali kwa wakati wake, kikao kinanyamaza. Lakini jaribu kuzipanga mezani uone.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Hii, ikichukuliwa kama hoja, ni jumla ya haraka, yaani kuwahukumu wengi kwa mmoja, iliyovaa kilemba. Kwa samaki ndani ya tenga inaweza kuwa kweli, kwa kuwa uozo unaambukiza. Kwa familia, kwa kampuni, kwa dini nzima, ni lazima uonyeshe kwanza kwamba kuna kinachoambukiza.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka." Inahukumu kitu kwa kilikotoka. "Wengi wape" ni kanuni nzuri ya kupiga kura. Si kanuni ya kujua ukweli, na methali yenyewe, ukiisikia yote, inazungumzia nguvu: usipowapa watachukua wenyewe.

Halafu kuna ile ninayoiona ndiyo yenye hila kuliko zote: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Haiwezi kukosea. Uvumi ukithibitika, lilikuwepo. Usipothibitika, linakuja. Mtu amechafuliwa jina, amejitetea, ushahidi umekosekana, na bado methali inamsubiri mlangoni.

Sizitupi. Zimebeba uzoefu wa watu wengi. Ila kila "haraka haraka haina baraka" ina "ngoja ngoja yaumiza matumbo" yake, na kuzijua zote mbili hakukuambii leo ukimbie au usubiri. Methali inakupa swali la kuuliza kuhusu hali uliyo nayo. Jibu unalitoa kwenye hali yenyewe.

Kutumia hisia katika hoja ni kosa?

Hapana. Huruma kwa mgonjwa ni sababu halali ya kumsaidia. Inakuwa kosa pale hisia inapojibu swali lisiloihusu: huruma kwa mwanafunzi si kipimo cha kama jibu lake la mtihani ni sahihi.

Nimeigundua hoja potofu. Nifanyeje bila kuharibu mazungumzo?

Usitaje jina la kosa. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona mijadala mingi ikifia hapo. Ukimwambia mtu "hiyo ni hoja potofu", amesikia "wewe ni mjinga", na kuanzia hapo mnagombania heshima.

Badala yake uliza lile swali lililokwepwa, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua. Kwa mtu mzima wako: "Baba, hapo nimekuelewa. Na wale waliotumia dawa hiyo wakaugua vilevile, tunawasikia wapi?" Kwa mwenzako kazini: "Ndugu yangu, tuseme alikosea kweli mwaka jana. Hesabu za mwaka huu zina shida gani?" Hujamwangusha mtu. Umemrudishia mpira, na mara nyingi atauona mwenyewe. Na ikiwa mpo mbele za watu na mhusika ni mtu wa kuheshimiwa, swali hilohilo linaweza kusubiri mkiwa wawili.

Wala si kila hoja inastahili kujibiwa. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Italia, Alberto Brandolini, alisema kwamba nguvu inayohitajika kukanusha upuuzi ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya kuuzalisha. Mtu akikutumia ujumbe uliosambazwa wenye madai kumi na mawili, chagua moja lililo zito, lijibu vizuri, yaliyobaki yaache.

Hoja ikiwa potofu, basi hitimisho ni la uongo?

Si lazima. Mtu anaweza kufika mahali sahihi kwa njia mbovu. "Dunia ni duara kwa sababu mwalimu wangu alikuwa mkali sana" ni hoja ya ovyo, na Dunia inaendelea kuwa duara. Ulichokipata ukibomoa hoja ni kwamba sababu hiyo haitoshi. Huenda ipo nyingine, na mara nyingine utaijua wewe kuliko aliyebishana nawe. Ukiwa mwungwana, mpe.

Nitazionaje zangu mwenyewe?

Kwa shida. Tunazikagua hoja za wapinzani kwa tochi na zetu kwa mshumaa. Kinachosaidia kidogo ni kubadilisha majina: chukua hoja unayoitumia kutetea chama chako, timu yako au mwanao, weka jina la upande wa pili, isome upya. Ikianza kukuudhi, ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Jingine ni kuandika. Mdomoni hoja hukimbia. Kwenye karatasi unaona "kwa hiyo" imekaa mahali ambapo haikupaswa kukaa.

Mtu akiniambia mimi kwamba hoja yangu ni potofu?

Mwombe akuonyeshe sababu gani haibebi hitimisho gani. Akionyesha, rekebisha au iache. Akirudia jina la kosa bila kuonyesha mahali, amekupa jina tu, na unaweza kuendelea na mada kama mlivyokuwa.